Roki slaida za Hilux Vigo dabo kebini: bomba gani, miguu mingapi, kuchomelea kwenye chesi au kufunga kwa bolti?

Korongo_Jeusi:

Wakuu, habari za kazi. Gari ni Hilux Vigo dabo kebini, injini 2KD, matairi 265/70R16, springi za nyuma zimeongezwa jani moja. Njia yake ya kawaida ni Mto wa Mbu, Engaruka hadi Ngare Sero, kwenye mawe meusi ya volkano na makorongo. Nataka slaida za kweli, siyo vile vikanyagio vya urembo: bomba la pembeni ambalo gari likilalia jiwe linateleza juu yake na kizingiti cha mlango hakiguswi.

Hesabu niliyopewa gereji ni hii: bomba la maji la inchi 2, lile lililopakwa zinki, "kwa sababu halili kutu". Miguu (vishikio vya kuunganisha slaida na gari) mitatu kila upande, mmoja kwenye chesi na miwili chini ya kizingiti "ili isicheze". Rodi za kuchomelea E6013, kazi ya siku moja.

Maswali yangu:
1. Bomba hilo linafaa, au nitafute skwea paipu (bomba la mraba)?
2. Miguu mitatu inatosha?
3. Kuchomelea kwenye chesi au kufunga kwa bolti?
4. Slaida ikae umbali gani na bodi?

Mwenye vipimo halisi anisaidie, maana kila fundi ana lake.

---

Pembe_Tatu:

Mkuu, kabla ya kufika kwenye bomba, hiyo miguu miwili ya kwenye kizingiti ifute kabisa. Kebini ya Vigo imekalia raba. Chesi ikijipinda korongoni kebini haijipindi nayo sawasawa, na hizo raba zipo kwa ajili hiyo hasa. Slaida ikishikwa mguu mmoja kwenye chesi na mwingine kwenye bodi, umevifunga vitu viwili vinavyotakiwa kucheza kila kimoja kivyake. Bati litaanza kupasuka kando ya mishono, na siku jiwe litakaposukuma, uzito wote utaishia kwenye kizingiti kilekile ulichotaka kukilinda. Utaijua kwa mlango kugoma kufunga. Miguu yote iende kwenye chesi, basi.

Sasa nguvu. Watu wanabishana juu ya bomba la nje, lakini kinachokunjika mara nyingi ni mguu, na kinachong'oka ni pale mguu unaposhika chesi. Mguu wa slaida ni wenzo. Chukua tani moja ikilalia mguu mmoja, sentimita 20 kutoka chesi. Skwea paipu ya 50 x 50 yenye ukuta wa milimita 4 inabeba msongo wa karibu megapaskali 190. Ukuta wa milimita 3 unafika 240. Ukuta wa milimita 2 unafika karibu 340. Chuma cha kawaida cha madukani kinaanza kukunjika kwenye 235 hadi 250. Kwa hiyo 4 inabeba, 3 iko ukingoni, na 2 ni ya mageti ya nyumba. Bomba la duara la milimita 48.3, hata likiwa na ukuta wa milimita 3.7, linafika 370 kwa mzigo huohuo, kwa sababu chuma chake kingi kiko karibu na katikati. Ndiyo maana miguu na boriti ya ndani (paipu ndefu inayofuata kizingiti na kubeba bomba la nje) vinatengenezwa kwa skwea, na duara linabaki nje, kwenye kuteleza, ambako umbo lake linasaidia.

Kweli mzigo hugawana miguu miwili au zaidi, lakini gari likidondoka kwenye jiwe badala ya kulishukia taratibu, hiyo nafuu inaliwa papo hapo.

Miguu minne kila upande kwa dabo kebini. Boriti ya Vigo itakuwa na urefu wa mita 1.75 hivi, ila pima gari lako tairi likiwa limegeuzwa hadi mwisho na springi imebanwa, usipime gari likiwa limesimama tu. Kwa 1.75 anza mguu wa kwanza sentimita 15 kutoka mwanzo, kisha kila sentimita 48. Unabaki na sentimita 16 mwishoni. Ncha inayoning'inia zaidi ya sentimita 20 baada ya mguu wa mwisho ni mahali pa kukunjikia. Hizo 48 siyo Msahafu: sogeza mguu ukikutana na bolti ya raba ya kebini, bomba la breki, bomba la mafuta au tangi. Kwenye ekzosi acha sentimita 5.

Vifaa vya pande mbili: skwea 50 x 50 x 4, boriti mbili za 1.75 na miguu minane ya wastani wa sentimita 30, jumla mita 5.9. Usidanganyike ukanunua urefu mmoja wa mita 6, maana diski inakula milimita 2 hadi 3 kila mkato na ukikosea mguu mmoja umekwama. Nunua miwili. Bomba jeusi la inchi 1½ lenye ukuta usiopungua milimita 3.2, urefu mmoja wa mita 6. Pleti ya milimita 5 kwa vipande vinane vya 150 x 120, na mabaki yake yanatoa vipande vya pembetatu vya kuimarishia miguu. Uzito wa yote ni kama kilo 55 hadi 60. Fundi akikwambia slaida zake za Hilux zina kilo 25 pande zote mbili, hizo ni za kukanyagia.

Na dukani nenda na kalipa, kile kifaa cha kupimia unene. Paipu inaandikwa milimita 4, ukipima unakuta 3.4. Pima kwenye mkato, mbali na mshono wa kiwandani, pande zote nne.

Umbali na bodi: milimita 20 kwa uchache, zipimwe kutoka ule ukingo wa bati unaoning'inia chini ya kizingiti, siyo kutoka kizingiti chenyewe. Watu wengi wanausahau huo ukingo, kisha wanashangaa slaida inagonga bodi kila wakipita tuta. Miguu ipande kuelekea nje kwa nyuzi 10 hadi 15. Kwa mguu wa sentimita 25, nyuzi 15 zinakupa kimo cha sentimita 6 na nusu, nyuzi 10 zinakupa 4 na kidogo. Ukilaza miguu sawa na ardhi, bomba la nje linakuwa sehemu ya chini kabisa ya gari, na litakwama mahali ambapo gari tupu lingepita.

---

Nati_na_Washa:

Nakubaliana na yote ya juu. Swali la tatu nalijibu mimi: kwa Vigo, funga kwa bolti.

Chesi ya kiwandani imetengenezwa kwa chuma chembamba chenye nguvu kuliko hiki cha dukani. Joto la kuchomelea linabadilisha tabia ya chuma kandokando ya mshono, na ufa ukija huanzia hapo. Zaidi ya hapo slaida ni kitu cha kukunjika. Ikikunjika unataka kufungua bolti na kuipeleka benchi, siyo kulala chini ya gari na grainda karibu na bomba la mafuta.

Sehemu ya chesi iliyo chini ya kebini ni boksi. Ukipitisha bolti na kukaza bila kitu ndani, kuta zinabonyea, bolti inalegea baada ya safari mbili, unakaza tena, zinabonyea tena. Dawa yake ni kipande cha bomba ndani. Kwa bolti ya M12 (unene milimita 12), toboa ukuta wa nje kwa biti ya milimita 20 na wa ndani kwa 13. Bomba lenye kipenyo cha nje 20 na tundu la 13 linaingia kwa nje, linaegemea ukuta wa ndani, na linakatwa liwe sawasawa na uso wa nje wa chesi. Hapo pleti mbili za milimita 6, moja nje na moja ndani, zinaminya bomba hilo na siyo kuta za chesi.

Tundu litobolewe katikati ya kimo cha ubavu wa chesi, ambako msongo wa kujipinda ni mdogo. Juu au chini ya chesi usitoboe hata tundu la milimita 6. Kabla ya biti kuingia, angalia upande wa pili kuna nini. Matundu mengi ya kiwandani yaliyo wazi yanaweza kutumika, anza na hayo.

Bolti za daraja la nguvu 8.8, M12, mbili kwa kila mguu kwa uchache, zikae moja juu na nyingine chini kadiri pleti inavyoruhusu. Kaza nyutoni-mita 80, nati za kujifunga. Rudia kukaza baada ya kilomita 500, kwa sababu rangi iliyoko kati ya pleti na chesi hubanwa ikapungua. Bolti zisizo na alama ya namba kichwani usiziguse kwa kazi hii.

---

Mshono_wa_Tano:

Bolti ni nzuri, ila nani atatoboa tundu la milimita 20 kwenye ubavu wa chesi kwa drili ya mkono, mara nane au kumi na sita, yote yakae kwenye mstari? Gereji nyingi zitaishia kutanua tundu kwa moto. Nikiambiwa nichague kati ya bolti mbovu na mshono mzuri, nachukua mshono. Kuchomelea kwenye chesi kunawezekana na kunadumu, mradi pleti iwepo na ikae inavyotakiwa.

Mguu usichomelewe moja kwa moja kwenye chesi, hata kama paipu ni nzito. Ukuta wa chesi ni mwembamba kuliko mguu, kwa hiyo ukisukumwa, mguu unakaa salama na ukuta unapasuka kufuata mshono, unatoka kipande cha mraba kama umekata kwa tindo. Pleti inasambaza huo mzigo. Milimita 5 inatosha. Watu wanaoweka 10 wanadhani wanaongeza nguvu, kumbe wanahamisha tatizo hadi ukingo wa pleti, kwani tofauti ya ugumu inakuwa kubwa mno pale chuma kinene kinapoishia.

Umbo: pleti izidi mguu sentimita 4 hadi 5 mbele na nyuma. Ncha za mbele na nyuma zikatwe mshazari, zitoke kama kichwa cha mshale butu, na kona zote ziviringwe. Sababu ni kwamba chesi inajipinda kama boriti, na mshono ulionyooka kutoka juu kwenda chini unaikata njia hiyo ya msongo. Mishono mirefu iende kwa urefu wa gari. Chomelea juu na chini ya pleti pamoja na mishazari, lakini kwenye ile ncha yenyewe ya mshale acha milimita 15 bila mshono. Pengo hilo ziba kwa silikoni ya bodi baada ya praima, maji yasiingie. Pia acha milimita 15 hadi 20 kutoka kona za juu na chini za chesi, mshono usipande kwenye mkunjo.

Kitu kingine ambacho hakisemwi: jiwe linasukuma mguu kwenda juu, hivyo upande wa chini wa mguu ndio unaovutwa na wa juu ndio unaosukumwa ndani. Mshono wa chini ndio unaobeba kazi. Na ndio unaochomelewa vibaya kuliko yote, kwa sababu fundi yuko mgongoni na cheche zinamwangukia shingoni. Ukikagua kazi, lala chini uutazame huo kwanza.

Zile pembetatu za kuimarisha ziweke ubavuni mwa mguu, mbele na nyuma, siyo chini. Chini zinapunguza kimo na zinakuwa ndoana ya mawe. Ubavuni zinazuia mguu kulala nyuma pale slaida inapoburuzwa kwenye jiwe gari likienda mbele.

---

Nati_na_Washa:

Hapo kwenye ncha ya pleti tunapishana kidogo. Wapo wanaozungusha mshono wote ili maji yasiingie, na kwa pleti iliyokatwa mshazari vizuri siwezi kuwalaumu. Ninachokataa ni pleti ya mstatili iliyozungushwa pande nne. Hiyo ufa wake utaukuta kwenye kona.

---

Korongo_Jeusi:

Ahsanteni sana wakuu. Boksi la chesi na biti ya 20 hapa nilipo ni mtihani, kwa hiyo naelekea kwenye pleti za kuchomelea. Mashine ya kuchomelea iliyopo ni inveta ya ampia 200 ya umeme wa kawaida wa fezi moja. Ipo pia ile kubwa ya koili. Nitumie ipi, rodi gani? Na lile bomba la zinki naliacha kabisa, au likisuguliwa linafaa?

---

Mshono_wa_Tano:

Bomba la zinki liache. Siyo kwamba halichomeleki. Zinki inachemka kabla chuma hakijayeyuka, moshi wake mweupe ukiuvuta gereji nzima jioni mnatetemeka kama mna malaria, na mvuke huo ukinaswa ndani ya mshono unaacha matundu kama maandazi. Ungelazimika kusugua hadi chuma cheusi sentimita 3 hadi 5 kila upande wa mshono, ndani na nje, na hapo ile faida ya kutokula kutu umeiondoa palepale ambapo kutu huanzia. Bomba jeusi na rangi nzuri vinatosha.

Mashine: inveta. Ya koili inatoa umeme wa kwenda na kurudi (AC), na rodi ya E7018 ya kawaida haipendi hivyo, inanata na kuzimika. E7018 inataka umeme wa mwelekeo mmoja (DC), ambao inveta inautoa: kishika rodi kwenye chanya na ethi kwenye hasi.

Slaida yenyewe, paipu kwa paipu, E6013 inaweza kufanya kazi yake kwa fundi makini. Mishono ya pleti kwenye chesi na mguu kwenye pleti nataka E7018, kwa sababu mshono wake unavumilia kupigwapigwa bila kupasuka. Tatizo lake ni unyevu. Pakiti iliyofunguliwa wiki tatu ikakaa kwenye benchi imekwisha kazi: unyevu unaleta haidrojeni ndani ya mshono, na ufa unaweza kutokea hata siku ya pili yake. Nunua pakiti ndogo iliyofungwa, fungua siku ya kazi, na rodi unazosubiri kutumia ziweke mahali pakavu penye joto. Kuzianika juani hakuondoi unyevu uliokwishaingia, zinahitaji tanuri la nyuzi 300 na zaidi kwa saa nzima.

Ampia: rodi ya milimita 2.5, kati ya 70 na 100. Ya 3.2, kati ya 100 na 140. Chini ya gari kwenye ukuta wa chesi tumia 2.5 na uanze na 80. Mshono wa kusimama panda kutoka chini kwenda juu, punguza ampia kama 10. Kushuka kutoka juu ni haraka na unaonekana mzuri, ila slagi (uchafu wa rodi ulioyeyuka) inatangulia mbele ya moto na mshono unakaa juu ya chuma bila kuzama. Ukiona mfereji kando ya mshono, umeme ni mwingi au unaondoka ukingoni mapema mno. Ukiona mshono umekaa kama mnyoo juu ya kioo, umeme ni mdogo.

Na umeme mdogo mara nyingi hauko kwenye mashine, uko kwenye waya. Rodi ya 3.2 kwa ampia 130 inaomba umeme wa zaidi ya kilowati 4 ukutani, yaani karibu ampia 20. Soketi ya kawaida ya 13 itaungua au itakata. Ekstensheni nyembamba ya mita 30 inashusha volti hadi mashine inaonyesha 130 huku rodi inapata pungufu. Waya uwe wa milimita za mraba 4, na uukunjue wote kutoka kwenye kibiringishio, usichemke. Kwa jenereta usishuke chini ya kVA 5.

Kabla ya cheche ya kwanza: ondoa hasi ya betri kisha chanya, subiri sekunde 90 mfumo wa mifuko ya hewa utulie, chomoa plagi za kompyuta ya injini na za alternata. 2KD ina kompyuta, siyo kama injini ya 1HZ ya Land Cruiser ambayo pampu yake haiongozwi na kompyuta. Klampu ya ethi iume kwenye chuma kilichosuguliwa, sentimita chache kutoka mahali unapochomelea, kwenye chesi ileile. Usiume kwenye difu, wala kwenye habu: umeme utapita kwenye bearingi na utaacha vidonda vidogo ambavyo vitaanza kulia baadaye. Blanketi la kuzuia moto juu ya mabomba ya mafuta na breki, ndoo ya maji na mtungi wa kuzima moto mkononi mwa mtu wa pili, siyo kwenye kona ya gereji.

---

Pembe_Tatu:

Niongeze mpangilio wa kazi, kwa sababu slaida nyingi zinaharibikia kwenye mpangilio.

Gari lisimame kwa matairi yake mahali palipo sawa. Lisinyanyuliwe kwa jeki, kwani chesi ikining'inia vipimo vya kebini vinabadilika. Chomelea pleti zote nane kwanza, ukihama: ya kwanza kushoto mbele, inayofuata kulia nyuma, hivyo hivyo, kila moja ipoe hadi uweze kuishika kwa mkono kabla ya kuirudia. Usipoozeshe kwa maji.

Halafu boriti ishikizwe chini ya kizingiti kwa vipande vya mbao vya milimita 20, hizo ndizo nafasi zako. Miguu ikatwe mmoja mmoja. Usikate minane kwa kipimo kimoja, chesi siyo rula. Kila mguu ushikizwe kwa nukta nne. Ukimaliza nukta, fungua milango yote minne, vuta hendibreki, kata usukani kulia na kushoto mwisho, pitisha mkono pale jeki inapokaa. Hapo ndipo pa kugundua kosa, nukta unazikata kwa dakika mbili.

Bomba la nje lichomelewe kwenye boriti nje ya gari kama unaweza. Hapa kuna mtego: mshono mrefu upande mmoja unaikunja boriti kama ndizi kuelekea upande wa mshono, na huwezi kuinyoosha tena vizuri. Zifunge slaida mbili mgongo kwa mgongo kwa klampu, na kipande cha chuma katikati. Chomelea sentimita 5, ruka 10, hamia slaida ya pili, rudi. Haina haja ya mshono kamili mwanzo hadi mwisho. Vipande vya kuunganisha kati ya bomba la nje na boriti, kila baada ya sentimita 25 hadi 30, vinatosha na ni vyepesi. Usiwasikilize wanaosema jaza bati lote katikati: tope linakaa juu yake, na uzito unapanda bila kazi.

Kona za bomba la nje, kama hakuna mashine ya kukunja, kata mshazari. Kwa kona ya nyuzi 30, kila ncha ikatwe nyuzi 15. Inaonekana ya kishamba kidogo kuliko bomba lililokunjwa, lakini haina mikunjo wala ukuta uliopungua.

---

Dada_Grainda:

Kwa wanaokunja kwa mchanga na moto: mchanga uwe umekaangwa hadi umekauka kabisa. Mchanga mbichi ndani ya bomba lililozibwa ncha zote mbili ni bomu, mvuke hauna pa kutokea. Ziba kwa kizibo cha mti kwenye ncha moja, usizibe zote kwa kuchomelea.

Jambo la jamii hiyohiyo: ukiziba ncha ya boriti kwa pleti, ule mshono wa mwisho utakutemea. Hewa ya ndani imepata moto na inatoka kupitia chuma kilichoyeyuka, inaacha kitundu usichoweza kukifunga hata urudie mara kumi. Toboa tundu la milimita 3 chini ya boriti kabla ya kuziba, maliza mishono yote, iache ipoe, kisha uzibe tundu. Au uliache likae wazi upande wa chini kama la kutolea maji, ila basi litanue hadi 8, la 3 linaziba kwa tope mvua ya kwanza.

---

Korongo_Jeusi:

Hii ni darasa. La mwisho: rangi, na nitajuaje imeshika kabla ya kwenda kuijaribu kwenye jiwe lenyewe?

---

Mshono_wa_Tano:

Rangi: ondoa slagi na matone yote kwa tindo na brashi ya waya, futa kwa thina, praima ya zinki, kisha rangi ya mafuta nyeusi mikono miwili. Ile rangi ya unga ya kuoka ni nzuri kwa geti. Kwenye slaida jiwe la kwanza linaikwangua, maji yanaingia chini yake, kutu inatembea bila kuonekana. Ya kopo unapaka mwenyewe kila baada ya safari. Usisahau ndani ya chesi nyuma ya kila pleti: rangi ya kiwandani imeungua huko. Puliza nta ya kuzuia kutu kupitia matundu yaliyopo. Ukitumia oili chafu badala ya nta, isifike kwenye raba za kebini na bushi, inazilainisha.

Kukagua mishono kabla ya praima: paka mafuta ya taa, acha nusu saa, futa hadi pakauke, paka chokaa nyembamba au chaki. Ufa utachora mstari mweusi wa mafuta kwenye weupe.

Kisha jaribio la uzito. Jeki ya chupa chini ya boriti, karibu na mguu wa pili, juu ya ubao, tairi za upande wa pili zimezuiwa kwa mawe. Pima nafasi kati ya boriti na kizingiti kabla, nyanyua hadi tairi za upande huo zianze kuacha ardhi, pima tena. Shusha, pima mara ya tatu. Kipimo cha tatu kikiwa sawa na cha kwanza, chuma hakijakunjika. Kikipungua hata milimita 3, tafuta ni mguu au pleti. Rudia kwa kila mguu, na usiweke hata kidole chini ya gari linaposhikwa na jeki peke yake.

---

Nati_na_Washa:

Na ukitaka kutumia jeki ya Hi-Lift (ile ndefu ya kusimama, inayonyanyua kwa ulimi) kwenye slaida hizo, chomelea vipande viwili vya kuzuia ulimi wake usiteleze, sentimita 12 mmoja kutoka kwa mwingine, juu ya boriti. Kwenye bomba la duara lililolala nyuzi 15 na lenye tope, ulimi hauna cha kushika.

---

Korongo_Jeusi:

Sawa kabisa. Jumatatu naenda dukani na kalipa.